Kalvati ya Ng'ombe wa Hirbo

Walinichagua kwa sababu sina kitu. Sina shamba, sina ng'ombe, sina hata mlango wa mgeni kubisha. Nilizaliwa kando ya Tana, baba Mpokomo, mama Mworma, na tangu miguu yangu ijue kazi yake sijakaa mahali pamoja mwaka mzima. Darasa la kwanza nilisomea Ngao, la tatu Hola, la tano nusu yake Garissa. La pili na la nne sikuyaona. Nimechunga ngamia wa watu Moyale, nimepakia saruji Voi, nimeuza kahawa Kismayu. Vijana wa Garsen wananiita Babu Miguu. Jina langu ni Makorani.

Ninachotaka kueleza ni jinsi nilivyowanyima maji ng'ombe wa Hirbo. Niliwanyima kwa mkono huu wa kulia, mchana kweupe, mbele ya watu kumi na wanane.

Reli ya mizigo ilikuwa imekuja kutoka upande wa bandari ikasimama kabla ya kufika kwetu. Pesa zilikwisha. Ndipo likaletwa jambo la Eneo. Mimi nilielezwa mara tatu ndipo nikashika, kwa hiyo nitaeleza polepole. Wanachora mstari kwenye ramani, mstari unazunguka mashamba, vijiji na nyika ya malisho. Kila mwenye ardhi ndani ya mstari atalipa kodi ya Eneo kila mwaka, miaka thelathini. Benki ikiona miaka thelathini imeshaahidiwa, inatoa mkopo leo. Kwa mkopo huo wanajenga kipande cha reli kilichobaki, stesheni ya mizigo Garsen, na barabara ya kuifikia. Reli ikiwa nzuri, ni yenu. Ikiwa mbaya, ni yenu pia, na kodi mtalipa.

Lakini wenye ardhi lazima wakubali kwa kura, thuluthi mbili. Wakulima wa mtoni peke yao hawakutosha. Nyika ya Waorma ni kubwa, nayo ilihesabiwa, na sauti ya nyika ile ilikuwa mdomoni mwa mtu mmoja, mwenyekiti wao Hirbo.

Hirbo na mimi tumekua pamoja. Mama yangu na mama yake walikuwa watu wa boma moja. Tukiwa wadogo tulipewa kazi ya kuteremsha ndama mtoni, na kabla ya kuwateremsha tulitupa kijiti majini. Kijiti kikienda mbio, tunangoja. Kikienda taratibu, tunateremsha. Kisipokwenda kabisa tunarudi nyuma, maana hapo si mto, ni dimbwi, na kwenye dimbwi mamba analala. Hatukufundishwa na mtu mzima. Tuliona wengine wakifanya.

Baraza la kura liliitwa mwezi wa nne, mvua imeshaanza. Mvua ikianza, Waorma wanaondoa ng'ombe huku kwenye matope na mbu, wanawapeleka nyika za juu, hadi Bangale. Kwa hiyo barazani walijaa wakulima, na wafugaji walikuwa wazee watatu wenye simu.

Afisa wa ofisi ya Eneo alikuwa binti anaitwa Metrine, mtu wa magharibi huko, mwenye buti za mpira na kompyuta ya mkononi iliyofungwa kwa nailoni isiingie maji. Alisema kwa upole kwamba reli itapita juu ya tuta, urefu wa watu wawili, na kando yake kutakuwa na seng'enge.

"Na malka?" akauliza mzee mmoja wa Kiorma.

Malka ni njia ya ng'ombe kuteremkia mtoni kunywa, inapita katikati ya mashamba, na bila malka kiangazi chetu huku ni vita. Kwa hiyo wote wakamgeukia Metrine.

"Mkituonyesha malka, tutaweka kalvati kubwa chini ya tuta," akasema Metrine. "Ng'ombe watapita chini, treni juu. Itachorwa kwenye ramani ya Eneo, na ramani itatiwa kwenye mkataba wa mkopo. Haitaguswa na mtu miaka thelathini."

Watu walipiga makofi kwa hiyo miaka thelathini. Nami nilipiga.

Zadock, mkulima wa mpunga na ndizi, mtu mwenye sauti kubwa na tumbo dogo, akasimama. "Basi ionyeshwe na mtu wa katikati, kama desturi. Na mtu wa katikati tunaye, amekuja juzi kutoka sijui wapi. Mzee Makorani, au kesho unaondoka?"

"Ukinipa chakula sitaondoka."

"Ukishiba ndiyo utaondoka!"

Walicheka. Desturi yenyewe ni hii. Malka ikihitaji kuonyeshwa, haionyeshwi na mkulima wala mfugaji. Mkulima ataisukuma mbali na shamba lake, mfugaji ataipanua. Anaitwa mtu asiye na jembe wala fimbo. Anatembea mbele, watu nyuma, hakuna kuzungumza. Akifika anachomeka tawi. Likishachomekwa, hakuna anayefungua mdomo. Anayebisha anahesabiwa kuwa anatafuta damu, na damu tunaijua; mwaka ule wa kuchomeana nyumba hata mimi niliyekuwa mbali niliulilia.

Jioni ile Hirbo alinipigia simu kutoka Bangale. Sisi wawili tunasema Kiorma, naandika hapa kwa Kiswahili.

"Nimesikia ni wewe."

"Ni mimi."

"Nilikuwa nimeamua kukataa. Mstari wa mtu mwingine juu ya nyika yangu, siutaki. Lakini vijana wanasema reli itabeba ng'ombe mpaka soko kubwa, wasikonde njiani. Nimechoka kubishana nao." Akakohoa. "Kama ni wewe unaonyesha Malka Guracha, waambie ofisi Hirbo amesema ndiyo. Unaikumbuka?"

"Wewe! Nilizamia pale mara mbili."

"Mara tatu. Ya tatu nilikutoa mimi."

Hakuniuliza zaidi, wala mimi sikumuuliza. Nilikuwa nimesikia, nikiwa Moyale, kwamba ile gharika kubwa ilihamisha mto kidogo huku chini. Tana unahama, si ajabu, na malka inaufuata mto pamoja na jina lake. Watu wanakaa, wanakubaliana, maisha yanaendelea. Nilisikia kama unavyosikia kwamba fulani amejenga choo kipya. Kumuuliza Zadock, "Mto siku hizi uko wapi?" niliona haya. Mtu mzima, mtoto wa hapa, aliyechaguliwa kwa kujua njia, anauliza mto uko wapi?

Asubuhi tulitoka, mimi mbele, nyuma Metrine na wakulima; wale wazee watatu walikuwa wamesharudi kwa ng'ombe wao. Mvua ilikuwa imekatika. Niliipata mikoma minne ninayoikumbuka, mmoja umeanguka. Nikaupata mkunjo wa ardhi pale ng'ombe walipokuwa wakiteremka. Na chini, maji. Maji mapana, ya kahawia, ukingo hadi ukingo. Moyo wangu ukatulia kabisa.

Kisha sijui kwa nini, mkono wenyewe ukaokota kijiti, ukakitupa.

Kijiti kilielea. Nilikitazama. Kilizunguka kidogo, kikasimama, kikakaa pale kama kimegundishwa.

Watu kumi na wanane walikuwa nyuma yangu wakingoja. Nilisikia vyura, wengi mno. Kwenye mto unaokwenda, vyura hawalii namna ile mchana. Nilijua, nasema kweli, kwa muda wa pumzi mbili nilijua. Nikageuka nikamtazama Zadock. Zadock alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

"Hapa, babu?" Metrine akauliza. Akageuza kompyuta yake nione. "Hata picha yangu ya setelaiti inaonyesha mto ni hapa. Unaona huu mkunjo?"

Niliona nyoka wa kijani na kahawia amelala kwenye kioo. Mashine ya serikali ilikuwa imekubaliana nami. Nikajiambia maji yametulia kwa sababu ni mengi, yamejaa, yanapumzika. Nikajiambia hata mto unachoka.

"Hapa," nikasema. Nikachomeka tawi.

Hakuna aliyefungua mdomo.

Kura ilipita. Jumatatu iliyofuata niliondoka, nikaenda Kilelengwani, nikateremka Kipini, nikapata kazi ya kulinda ghala la chumvi kule mbele. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa nimefanya kitu kitakachokaa miaka thelathini, mimi ambaye hata kitanda changu hakijawahi kukaa mwezi.

Tuta lilijengwa upesi. Walikuwa na mashine zinazokula kilima kwa siku moja. Mwaka ule mvua za Bangale zilikuwa nzuri, Hirbo akakaa huko juu mpaka mwezi wa kwanza. Alipoteremka na ng'ombe mia na arobaini, tuta limekwisha, seng'enge imekwisha, mabango yamewekwa. Alinipigia simu mara moja tu.

"Njoo," akasema, na akakata.

Nilifika baada ya siku mbili. Kutoka barabarani nililiona tuta, limenyooka, limekata nchi vipande viwili, upande huu nyika, upande ule mto na mashamba. Kalvati ilikuwa pale nilipochomeka tawi, kubwa, ya zege safi, ndani yake lori lingepita. Walikuwa wameandika juu yake NJIA YA MIFUGO. Hawakudanganya. Walitimiza kila walichoahidi.

Ng'ombe walikuwa upande wa pili, ndani ya mto wangu. Haukuwa na tone. Ulikuwa udongo uliopasukapasuka kama kisigino cha mzee, na ng'ombe wamesimama ndani yake, wengine wamelala, wote wameelekeza pua upande mmoja, mashariki. Upepo ulikuwa unatoka huko na harufu ya maji. Mto wenyewe ulikuwa kilomita moja na nusu mbele. Katikati yalikuwa mashamba: mahindi, mpunga, ndizi, ukuta kwa ukuta, bila pengo.

Hirbo alikuwa amechuchumaa. Amezeeka, au mimi sikuwa nimemtazama siku nyingi.

"Malka ya sasa iko kule juu," akaonyesha kwa kidevu. "Pale tuta halina tundu. Na upande wa pili wameshalima mpaka ndani ya malka. Nikawauliza, wakasema malka ilishaonyeshwa, ni hapa, iko kwenye ramani."

"Kupita wapi pengine?"

"Seng'enge inafika karibu na Tarasaa. Siku mbili kwenda. Hawa hawawezi kutembea siku mbili bila tone. Na kule nako ni mashamba."

Kwa siku zile vijana wake walikuwa wakichota maji kwa mitungi na punda. Ng'ombe mmoja wa kiangazi anakunywa mitungi miwili akitaka wa tatu. Walikuwa wanawanywesha ndama tu; wakubwa walipata kulowesha ulimi.

Nilikwenda kwa Zadock. Alikuwa kwenye mahindi, akaniona kutoka mbali, akaweka jembe chini. Mkewe Charity alikuwa pembeni akipalilia, hakunyanyua kichwa.

"Ulijua," nikamwambia.

"Shikamoo kwanza, mzee."

"Ulijua, Zadock."

"Nilijua. Wote tulijua. Ulitaka niseme? Umechomeka tawi, mimi mkulima nikasema si hapo, peleka kule, ambako ni karibu na shamba la ndugu yangu au mbali na langu, wangesema nini? Zadock anahamisha malka! Usiku ule ule ningechomewa nyumba."

"Ungeniambia kando."

"Na wewe ungeniuliza kando!" Akapandisha sauti kisha akaishusha. "Mzee, wewe ndiye uliyetembea mbele. Sisi tulikufuata."

Charity alisema bila kunyanyua kichwa, "Mwambie na lile lingine."

"Lipi?"

"Kwamba ulifurahi."

Zadock alifuta jasho muda mrefu. "Nilifurahi," akasema. "Mwaka juzi ng'ombe walikula mpunga wangu wote. Nikasema Mungu amemleta Babu Miguu. Sasa siwezi kulala nikiwasikia wakilia. Mimi peke yangu ningekata mahindi haya leo, wapite. Lakini baada yangu kuna watano mpaka mtoni, na kila mmoja ameshaletewa karatasi ya kodi ya Eneo kwa kila ekari, ikilimwa isilimwe. Nimewauliza. Wawili wamekubali. Watatu wamenoa mapanga."

Hirbo alipopata habari hiyo alikataa hata wale wawili. Alisema ng'ombe mwenye kiu hajui shamba la aliyekubali na la aliyekataa. Alisema hatazika mtoto wa mtu kwa ajili ya ng'ombe, aliwahi kuzika, inatosha.

Basi kilichobaki ni ofisi. Nilimkuta Metrine kule Garsen, kwenye kontena lenye feni. Alifurahi kuniona, akanipa soda. Nikamwambia yote, kijiti na vyura. Nikamwambia futa, andika Makorani alikosea, nitaweka kidole gumba.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kompyuta na kutafuta ile picha. Akaikuza; pembeni, chini kabisa, kulikuwa na maandishi madogo kama siafu. Akasoma. Akasoma tena.

"Ilipigwa kabla ya gharika," akasema. "Miaka mitatu kabla. Sikuangalia tarehe."

Tulikuwa watu wawili waliosoma vibaya.

"Futa basi," nikasema.

"Siwezi, babu. Ramani ni sehemu ya mkataba wa mkopo. Kuibadilisha ni kupiga kura upya Eneo lote, thuluthi mbili, halafu wakopeshaji nao wakubali. Nikianza leo, ni miezi kumi na minane, kama hakuna anayepinga."

"Watapinga."

"Watapinga."

"Tundu jingine tu, mwanangu. Dogo."

"Pesa ya tuta imekwisha. Na Eneo halina ruhusa ya kukopa tena kabla ya miaka kumi." Alikuwa anatazama soda yangu. "Nitaandika barua. Nitaiandika leo. Naweza pia kuomba lori la maji."

Barua aliandika, mimi ni shahidi. Lori la maji lilikuja mara moja. Ng'ombe walilivamia wakavunja mfereji, nusu ya maji ikanywewa na udongo, na dereva hakurudi tena.

Walianza kufa siku ya kumi na moja tangu wateremke. Kwanza majike wenye mimba. Hirbo alikuwa akiwaita kwa majina, na wakiitwa bado walijaribu kuinuka, hilo ndilo sikuweza kulitazama. Nilibeba mitungi na vijana mpaka mabega yakachubuka. Siku moja dume jekundu lilipanda tuta, likanasa kwenye seng'enge, halikutoka, tukalichinja pale pale.

Kisha Abdirizak akaja kutoka Bangale. Ni mnunuzi wa mifugo, mtu anayeongea kwa haraka na kuapa sana. Aliwazunguka ng'ombe mara mbili, na safari hii hakuapa.

"Abba Hirbo," akasema, "nikiwachukua kwa miguu hawafiki. Lakini stesheni imefunguliwa wiki hii. Wanatafuta mzigo wa kwanza. Mabehewa yanarudi bandarini matupu. Wape wiki nyingine, utaniuzia ngozi."

Kesho yake Hirbo alimtuma kijana akamwite.

Waliobaki walikuwa themanini na sita. Tuliwatoa upande ule kupitia kalvati, mara ya pili na pengine ya mwisho njia ile kutumiwa na ng'ombe, tukawaswaga polepole hadi Garsen. Stesheni ilikuwa na harufu ya rangi. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki, na mtu mwenye kamera, kwa sababu ulikuwa mzigo wa kwanza wa Eneo letu. Na maji yalikuwepo. Pale kwenye jukwaa la kupakilia walikuwa wamejenga hodhi refu la mifugo, limejaa hadi juu, bomba lake linatoka mtoni. Ng'ombe walikunywa hapo wakisubiri behewa. Walikunywa mpaka mbavu zikapotea.

Hirbo alisimama akawatazama wakinywa. Sijui kama nimewahi kuona uso wa namna ile.

Metrine alikuwa pale, hakukaa hemani. Zadock pia alikuja, amesimama mbali upande wa barabara, kofia mkononi.

Treni ilipoondoka ilipita juu ya tuta, na pale tulipokuwa tuliiona ikienda ikienda mpaka usawa wa kalvati, ikapita juu yake. Milio ya ng'ombe ilisikika muda. Wa mwisho kulia alikuwa mmoja mwenye sauti nzito. Hirbo akataja jina lake kwa sauti ya chini.

Tulibaki wawili kwenye kokoto.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja," akasema. "Siku ile. Ulitupa kijiti?"

Ningeweza kusema sikutupa. Kusahau ni kosa la mzee, watu husamehe.

"Nilitupa."

"Kilikwenda?"

"Hakikwenda."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeelezwa njia ya mahali asipopajua. Kisha akainama akailaza fimbo yake kando ya reli, kwa uangalifu, isije ikagusa chuma. Akajipangusa mikono.

"Basi siku wakitafuta tena mtu wa kuonyesha malka," akasema, "wanaweza kunichagua hata mimi."

Akatembea kuelekea barabarani. Zadock alimsogelea akitaka kumshika mkono, na Hirbo akampa mkono, akampita. Mimi nilikaa pale na ile fimbo mpaka mlinzi akaja kuniambia si ruhusa kukaa karibu na reli. Akaniuliza ninaelekea wapi, anionyeshe njia.